Mshono Umekataa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuzungusha Ampea

Mama mmoja alinishushia ngoma ya mashine ya kukamulia mawese hapa kibandani kwangu Mwanga, Kigoma mjini. Ilikuwa imepasuka ukingoni, ufa wa urefu wa kiganja. "Fundi, hii imeshachomelewa mara mbili na inavuja vilevile," akasema, kisha akakaa kwenye benchi kuonyesha kwamba haondoki bila ngoma yake.

Mshono wa waliotangulia ulikuwa vitundu vitupu, kama andazi lililozidi hamira. Nikaula wote kwa grenda, nikachomelea upya. Vitundu vikarudi. Nikapandisha ampea, vikazidi. Nikabadili rodi, nikapandisha tena, na sasa chuma kikaanza kutoboka. Kijana wangu aliyekuwa ameishikilia ngoma kwa koleo akanusa, akauliza: "Bosi, mbona pananukia kama jikoni?"

Tulikuwa tunakaanga mawese. Mafuta ya misimu yote yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, na kila nilipowasha moto yaligeuka mvuke, mvuke ukatafuta njia ya kutokea ndani ya chuma kilichoyeyuka, ukaacha tundu. Kuongeza ampea kulikuwa sawa na kuongeza kuni chini ya karai.

Tangu hapo kitasa cha ampea kwangu ni cha mwisho kuguswa. Kazi ikikataa naanzia mbali na mashine na kurudi: klampu ya ethi (ile inayobana chuma na kurudisha umeme kwenye mashine), nyaya, umeme unaoingia, rodi, usafi wa chuma, mkono wangu mwenyewe. Vyote vikiwa sawa ndipo nazungusha. Dalili ninazoeleza hapa nimezipanga jinsi zinavyonijia mara kwa mara kibandani, si jinsi zilivyo kwenye vitabu.

Tuelewane maneno kwanza, maana kila kibanda kina lugha yake. Rodi ni ule waya uliopakwa unga, unaoyeyuka kuwa mshono. Moto ni ule mwali wa umeme kati ya ncha ya rodi na chuma. Ampea ni wingi wa umeme unaopita hapo. Dimbwi ni chuma kilichoyeyuka chini ya moto. Hilo ndilo jicho linapaswa kulifuata, na wanafunzi wengi hutazama mwanga badala yake. Magamba ni ukoko unaobaki juu ya mshono, unatokana na unga uliozunguka rodi. Unga huo una kazi: ukiungua hutoa gesi inayolikinga dimbwi na hewa, kisha hugeuka magamba yanayoufunika mshono ukipoa. Kuzama ni jinsi mshono ulivyoingia ndani ya chuma, tofauti na kukaa juu yake tu. Rodi tunazoziita geji 12 ni zile za milimita 2.5, geji 10 ni za 3.2. Na namba 6013 iliyopigwa kwenye rodi si mapambo. 60 ni nguvu ya mshono, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 maana yake inachomelea mkao wowote, chini, wima hata juu ya kichwa. 3 inaeleza aina ya unga na umeme unaoifaa. Kwa hiyo 7018 ina nguvu zaidi, lakini ina masharti yake, tutayafikia.

Rodi inaganda kwenye chuma

Hii ndiyo kesi ninayoletewa zaidi, hasa na vijana walionunua inveta ndogo, zile mashine nyepesi za kuchomelea za kielektroniki, wakaanza kazi nyumbani. Unagusa chuma, rodi inang'ang'ania, inaanza kuwa nyekundu mkononi. Ukikwama hivyo zungusha holda, yaani kishikio cha rodi, kwa nguvu kama unavunja kijiti. Ikikataa, fungua taya za holda uiachie rodi. Usisubiri mashine iungue.

Anza na klampu. Je, imebana chuma kitupu au imebana rangi na kutu? Nimeona klampu imebanwa kwenye meza iliyopakwa rangi, geti limelazwa juu yake, na fundi analaumu mashine. Chomelea dakika mbili, zima mashine, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na klampu. Ikiwa ya moto, umeme unapata shida kupita pale, na nguvu inayopotea hapo haifiki kwenye rodi. Fanya hivyo pia pale waya unapoingia kwenye mashine. Kile kiungo cha kuzungusha kikilegea huungua taratibu bila kupiga kelele.

Baada ya klampu, umeme. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, na mafundi wa zamani walijifunza kusikiliza umeme kwa masikio. Siku hizi mita ya kupimia volti ni rahisi, itumie, ila usipime mashine ikiwa imekaa tu. Mwambie mwenzako achomelee wakati wewe unasoma kwenye soketi. Bila kazi utaona volti 225 ukafurahi. Moto ukiwaka inashuka 185, na hapo ndipo penye ugonjwa. Jioni kuanzia saa moja, watu wakirudi majumbani, kazi nzito naiacha hadi asubuhi.

Halafu ekstensheni. Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu mita 50, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za waya. Mashine ikivuta ampea 15 unapoteza volti 18 njiani. Waya wa milimita 4 kwa umbali huohuo unapoteza kama volti 7. Ukichukua umeme ambao tayari ni 190 ukaupitisha kwenye waya mwembamba, inveta inapokea 172, rodi inaganda, na wewe unazungusha kitasa. Usiiache ekstensheni imeviringwa kwenye kigurudumu chake pia. Inapata joto hadi plastiki inayeyuka.

Yote hayo yakiwa sawa, tazama rodi. Ina unga uliomeguka nchani? Ina chumvichumvi nyeupe? Gonganisha rodi mbili: kavu hulia kama vijiko, yenye unyevu hutoa sauti ya kuni mbichi. Mvua za hapa zikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, pakiti iliyofunguliwa ikaachwa juu ya sakafu ya saruji haimalizi wiki mbili. Mimi naweka zangu ndani ya sanduku la bati lenye balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka muda wote. Kwa 6013 inatosha kabisa. Kwa 7018 haitoshi: ikishalowa inahitaji kuokwa kwa nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi kwa takribani saa mbili, joto ambalo balbu haiwezi hata ukiweka kumi. Usimuuzie mteja mshono wa 7018 iliyoanikwa juani. Umemtoza bei ya rodi nzuri ukampa mshono wenye unyevu ndani.

Mkono ni wa mwisho. Wengi wanaigonga rodi kama wanapiga msumari. Iburute kama njiti ya kiberiti, ikiwaka inua kidogo, kisha rudi. Umbali wa moto uwe sawa na unene wa waya wa rodi: rodi ya 2.5, moto wa milimita 2 hadi 3. Sasa ndiyo zungusha kitasa. Rodi ya milimita 2.0 inataka ampea 40 hadi 60, ya 2.5, 60 hadi 90; ya 3.2, 90 hadi 130, ya 4.0, 130 hadi 180. Pakiti yako ikisema tofauti, fuata pakiti.

Vitundu kwenye mshono

Ngoma ya yule mama ilipona hivi. Tulitoboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Tukauchimba ufa kwa grenda ukawa mfereji wenye umbo la V. Tukaiosha ngoma kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ikakauka, halafu tukaipasha juu ya makaa nje ya kibanda hadi moshi ukaisha kabisa. Moshi wenyewe ulichukua karibu nusu saa, na kila nilipodhani umekwisha ulichomoza mwingine mwembamba wa bluu. Tukapiga brashi ya waya, tukachomelea. Mshono ukatoka na mawimbi yaliyopangana. Ampea zilikuwa zilezile nilizoanza nazo asubuhi.

Kwa hiyo mshono ukiwa na vitundu, uliza kwanza chuma kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hakijafika kwako. Kitako cha injini ya boti kutoka Kibirizi kina petroli na oili. Fremu ya kichanja cha dagaa ina mafuta ya samaki na chumvi yake. Vyuma chakavu vilivyokaa karibu na viwanda vya chumvi vya Uvinza vina kutu iliyoingia ndani, sio ya juu juu. Rangi, hata ile nyembamba ya kukinga kutu, inaungua na kutoa gesi. Futa sentimita mbili au tatu kila upande wa kiungo, hadi chuma king'ae.

Kama chuma ni kisafi na rodi ni kavu, basi moto wako ni mrefu. Unaujua kwa sauti: moto mfupi hukaanga, moto mrefu huhema na kutema matone kila mahali. Upepo wa ziwani nao unapeperusha ile gesi ya kinga. Simamisha kipande cha bati upande unaotoka upepo, kazi imekwisha.

Onyo moja hapa. Pipa au tangi lililokuwa na petroli, dizeli au kitu chochote cha kuwaka, usiliguse na moto hata likiwa tupu, hata likiwa limekaa mwezi. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka, na pipa tupu lina nafasi kubwa ya mvuke kuliko lililojaa. Mimi huyarudisha, na wenyewe hununa.

Mshono mzuri machoni, lakini unabanduka

Huu ndio mshono ninaouogopa, kwa sababu mteja anaulipia akitabasamu. Unakaa juu ya chuma kama utomvu wa mti. Chanzo ni ampea ndogo, au mkono unaokimbia, au fundi aliyekutanisha vyuma vinene bila kuvikata pembe wala kuacha mwanya. Flatibaa ya milimita 6 ikiunganishwa kichwa kwa kichwa bila mfereji wa V, moto haufiki katikati.

Kipimo hakina gharama. Chukua vipande viwili vya chuma kilekile, chomelea upande mmoja tu, bana kwenye vaisi, upige nyundo hadi mshono uvunjike. Tazama ndani. Ukiona mstari safi wa ukingo wa chuma wa awali bado upo kama ulivyokatwa na grenda, moto haukuzama. Ukiona weusi kama vipande vya kioo, hayo ni magamba yaliyofukiwa: ulipita mara ya pili bila kugonga na kusugua mshono wa kwanza. Wanafunzi wangu wote lazima wavunje vipande kumi kabla sijawapa geti la mtu.

Inatoboa skwea paipu

Hapa kila mtu hushusha ampea, na kwa mara moja wako sahihi nusu. Paipu nyingi za madirisha zina ukuta wa milimita 1.2 au 1.5, na rodi ya geji 10 hapo ni shoka la kukatia kitunguu. Tumia 2.0, au geji 12 kwa ampea za chini kabisa. Inveta ya umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, weka rodi upande wa hasi na klampu upande wa chanya. Moto hauzami sana. Kinyume chake ndicho kinachoifaa 7018 kwenye vyuma vinene, rodi ikiwa kwenye chanya.

Chomelea kwa mishono mifupi, inua, acha wekundu ufifie, rudi. Lakini sababu kubwa ya kutoboka ni mwanya. Paipu imekatwa kwa macho, kona imebaki na upenyo wa kuingiza kidole, fundi anajaribu kuujaza kwa moto. Wapo wanaomenya unga wa rodi na kulaza ule waya katikati ya mwanya kisha wanachomelea juu yake. Kwenye dirisha la choo sina ugomvi nao. Kwenye bawaba ya geti la gari, kata paipu nyingine.

Mfereji kandokando ya mshono

Chuma kimeliwa ukingoni na hakikujazwa. Safari hii ndiyo kweli ampea zimezidi, au moto ni mrefu, au unachomelea wima na hukai pembeni. Unapoyumbisha rodi, pita katikati haraka, tulia kila ukingo hadi dimbwi lijae, kisha vuka.

Geti limepinda

Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja, na mshono hujikunja zaidi kuliko kilichouzunguka. Hakuna mashine inayozuia hilo. Kinachozuia ni mpangilio: shikiza kona zote nne kwa nukta ndogo, pima kona kwa kona kwa futi kamba mara mbili, vipimo vikilingana ndipo uchomelee. Maliza sentimita chache kona ya juu kulia, hamia ya chini kushoto. Ukimaliza upande mmoja wote kwa sababu mkono umeshanoga, geti litakuwa jahazi.

Ufa unatokea mshono ukipoa

Unaweka nyundo chini, unasikia "tik". Kama ufa uko mwishoni mwa mshono, pale kwenye kishimo ulipoondolea rodi, rudi nyuma kidogo na ukijaze kishimo kabla ya kuinua. Kama uko pembeni ya mshono wote, huenda umechomelea chuma usichokijua.

Jiwe la grenda linakupa jibu. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu zinazong'aa. Chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, kama mwili wa mashine ya kusaga, hutoa cheche fupi nyekundu, na ukikitoboa kinatoa unga badala ya nyuzi. Hicho 6013 itakishika leo na kukipasua kesho. Kinataka rodi za nikeli, ambazo ni ghali, mishono ya sentimita mbili hadi tatu tu kwa wakati, kugongwagongwa taratibu kingali moto, na kupoa polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Usimwagie maji, hata mteja akiwa amewasha pikipiki anakusubiri. Springi ya gari nayo ina kaboni nyingi: ipashe kwanza, tumia 7018 kavu, ipoe polepole.

Vijana huniuliza kwa nini MV Liemba imedumu. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Bamba zake zilikazwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zinazogongwa vichwa pande zote mbili, si kwa kuchomelea. Sisemi ribiti ni bora, nani ana muda huo. Ila kwenye ribiti ufa ukifika ukingo wa bamba hukoma. Kwenye chuma kilichochomelewa hakuna ukingo, ufa unavuka mshono na kuendelea. Ndiyo maana ya yale matundu mawili kwenye ngoma ya mawese.

Moto unavutwa upande mmoja

Hutokea kwa DC, hasa kwenye kona na mwisho wa bamba. Ni sumaku. Hamisha klampu upande wa pili, fupisha moto. Mashine ya transfoma ya AC, ambayo umeme wake hugeuza mwelekeo kila mara, ni nadra kuwa na tabia hiyo.

Mashine inazima, taa ya njano inawaka

Imepata joto. Iache feni izunguke, usiizime swichi. Kibandiko kikisema asilimia 60 kwa ampea 160, maana yake katika dakika kumi unachomelea sita na kupumzisha nne. Kama inazima mapema zaidi, puliza vumbi la grenda lililoganda ndani. Vumbi hilo ni chuma, linapitisha umeme.

Na hilo "400" kubwa lililoandikwa mbele ya mashine ya begani? Ampea 400 zinahitaji kama volti 36 kwenye moto, yaani wati 14,400. Kwa volti 230 hizo ni zaidi ya ampea 60 kutoka ukutani, na soketi yako ni ya 13. Ampea 120 peke yake tayari zinaifikisha soketi hiyo ukingoni. Soma kibandiko cha nyuma.

Homa ya jioni, macho yenye mchanga

Umechomelea mabomba yenye zinki mchana, usiku unatetemeka, mdomo una ladha ya chuma, unadhani ni malaria. Ni moshi wa zinki. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kama kifua kinabana au homa haishuki, nenda ukapimwe, kwa sababu malaria nayo ipo. Maziwa tunayokunywa vibandani hayaizuii. Moshi uliingia kwenye mapafu, maziwa yameenda tumboni. Saga zinki ukiwa umevaa barakoa inayofaa, chomelea nje, kaa upande upepo unakotoka.

Macho nayo husubiri. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kutazama moto, unaamka kope zimejaa mchanga na machozi yanatiririka. Miwani ya jua haikingi. Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11, na kijana anayekushikilia kazi awe na chake. Usitie maziwa wala vipande vya kiazi. Kitambaa baridi, giza, na dawa ya maumivu ya kawaida vinatosha kukufikisha asubuhi. Ikipita siku mbili, au kama ni jicho moja tu linalochoma, nenda hospitali: huenda ni punje ya grenda iliyokwama, na hiyo haitoki kwa kusubiri.